Sufuria la Harusi huko Ngojamgeni

Kila aliyewahi kufika Ngojamgeni huanza habari zake na chai, nami sioni pa kuanzia pengine.

Niliketishwa barazani kwa mwenyeji wangu, Bwana Hashil, ambaye cheo chake katika nchi ile ni Mkuu wa Ukarimu. Nililetewa kikombe. Uani watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na kikombe chake mkononi, na hakuna aliyekunywa. Walinitazama mimi. Mimi si mtu wa kutazamwa. Hata chuoni nilikuwa nachagua kiti nyuma ya mtu mrefu ili mwalimu asinione. Nikapiga funda moja upesi ili waniache.

"Mgeni anasemaje?" Bwana Hashil aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

"Ni... nzuri."

"Naam?"

"Naam," nikasema, kwa kuwa sikujua la kujibu.

"Naam!" uani mzima ukalipuka, na vikombe vyote vikaenda midomoni. Mzee mmoja aliyeitwa Kombo alifumba macho, akameza, akayafumbua kwa mshangao.

"Kumbe nzuri!" alisema. "Miaka yote hii mke wangu ananipikia chai, na mimi sijui."

Nilidhani anatania, nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mkewe, Bi Sabiha, ndiye aliyekuwa ameipika chai ile, na alikuwa amesimama karibu na jiko akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Juu ya lango la mji wao yamechongwa maneno haya: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Kwetu hiyo ni methali, mtu huitamka akipata mgeni, akaenda zake jikoni. Kwao ndiyo katiba. Hakuna kitu kilichofanywa na mkono wa Mngojamgeni kinachohesabiwa kuwa kizuri mpaka mgeni akione na kutamka Naam. Mkate hukaa juu ya meza ukimsubiri mgeni. Daraja lao jipya lilikuwa halipitwi. Watu walivua viatu wakavuka mtoni chini yake, wakiliinulia macho kwa heshima. Nilionyeshwa mtoto anayekimbia na kuzungumza vizuri kabisa, lakini hana jina, kwa sababu mgeni wa mwisho aliyepita alikuwa na haraka. Wazazi wake walikuwa wakimwita Huyu.

"Nyinyi wenyewe mngependa aitweje?" niliwauliza.

Baba na mama walitazamana kama watu waliokamatwa. Mama akanong'ona, "Shaame."

"Naam," nikasema. Mama yule aliketi chini palepale, kwenye vumbi, akalia. Mimi pia nililia, ila mimi nililia kwa hofu. Sikuwahi kufikiri kwamba neno langu linaweza kuwa zito kiasi hicho kwa mtu yeyote.

Baada ya chai Bwana Hashil alinichukua kwenda Jumba la Fahari. Alikwisha kupata habari kwamba nimesomea kompyuta, na hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Alinieleza njiani kwamba serikali yao imesikia jinsi vijana wa nchi nyingine wanavyotengeneza michezo ya kompyuta inayopendwa duniani kote, na kwamba Ngojamgeni haikutaka kuachwa nyuma. Ilikwisha kuunda Jumuiya.

"Jumuiya ya watengenezaji wa michezo?" niliuliza.

Alisimama ghafla, akageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia.

"Mgeni, samahani. Neno hilo hatulitumii. Tunasema kazi si mchezo. Serikali haiwezi kusimama mbele ya watu ikasema inafadhili mchezo. Sisi tunasema kazi burudishi."

"Na anayecheza mnamwitaje?"

Alifikiri. "Hatujawahi kumhitaji," alisema.

Jumba la Fahari lilikuwa safi na baridi. Kando ya kuta zote yalipangwa makabati ya vioo, na ndani ya kila kabati kompyuta moja, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la mgeni aliyezindua. Kompyuta zote zilikuwa zinawaka. Katika moja niliona jogoo wawili wa kupigana, wamechorwa kwa ustadi ambao ulinifanya nisogeze uso mpaka pua ikagusa kioo. Jogoo wa kushoto alikuwa ameinua mguu mmoja kuruka.

"Anasubiri nini?" niliuliza.

"Hasubiri. Alizinduliwa akiwa hivyo."

"Tangu lini?"

"Mzinduzi wake alikuwa mgeni mwenye kofia. Ni zamani kidogo."

"Nani anaicheza?"

Bwana Hashil alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maiti haamki. "Mgeni wangu, imeshazinduliwa. Watu huja kuitazama kila sikukuu. Wanafunzi hupangwa mstari. Nani tena aje kuigusa aiharibu?"

Nikauliza inakuwaje kwa ile isiyopata Naam. Hiyo, alisema, hufutwa adhuhuri ya siku inayofuata mkutano, kwa sumaku ya serikali, na aliyeitengeneza haruhusiwi kutengeneza nyingine. "Tunataka ubora," alisema. Nilitafuta usoni pake dalili ya ukatili, sikuiona. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililonitia baridi mgongoni.

Kwenye kona, chini ya makabati, alisimama msichana wa rika langu, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa kanga.

"Huyu ni Wahida," alisema Bwana Hashil. "Ndiye atakayewasilisha kesho." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayemtajia mgeni nyufa za nyumba yake: "Ni mwenzetu tu."

Wahida alisikia. Alitabasamu hata hivyo. Bwana Hashil alipokwenda kufuta alama ya pua yangu kwenye kioo, msichana yule aliketi sakafuni, akafungua kanga, akaniwashia.

"Kazi yangu inaitwa Sufuria la Harusi, dada mgeni. Kuna akina mama wawili, wanatoa sufuria la pilau jikoni kulipeleka ukumbini. Mmoja kashika mbele, mmoja nyuma. Wakiachana mwendo, linamwagika. Njiani kuna kuku, kuna watoto, kuna kamba za nguo. Halafu kuna mama mkwe. Yeye anajitokeza tu, anafunua kifuniko achungulie."

Nilicheka, akanitazama upesi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

"Kwa hiyo ni mchezo wa watu wawili," nikasema kwa kunong'ona, kwa sababu ya lile neno.

"Wawili, ndiyo."

"Mmeujaribu wewe na nani?"

Aliinua mikono yake. "Huyu anashika mbele," alisema akitikisa wa kushoto, "na huyu nyuma."

Aliyasema bila huzuni yoyote. Akaweka vidole juu ya vitufe, akanionyesha: mikono yake miwili ikaenda pamoja kama njiwa wawili waliozoeana, akina mama wakapita kati ya kuku, chini ya kamba, wakainama pamoja, wakainuka pamoja, wala punje moja haikuanguka.

"Mikono yangu haijawahi kugombana," alisema.

Nilichuchumaa kando yake. "Mbona hukumwomba mtu? Si kuna Jumuiya?"

"Jumuiya ipo, tena tunajaa ukumbi. Lakini jumuiya ni mkutano, dada. Ukiisha, kila mtu anakwenda kwake."

"Sheria inawakataza wenyeji kucheza?"

Wahida aliacha vitufe. Alifikiri, paji la uso likajikunja. "Sijawahi kusikia kama inakataza," alisema polepole. "Sijawahi kusikia kama kuna aliyeuliza."

Nilinyoosha mkono kushika upande wa nyuma. Nyuma yangu Bwana Hashil alikohoa. "Mgeni asiguse kabla ya itifaki, tafadhali."

Wahida alianza kufunga kanga yake. "Nikipata Naam yako, kazi yangu inaingia kwenye kioo. Nisipopata, inafutwa," alisema, hakunitazama. "Yote mawili nimeshayalilia. Kuna jambo moja tu nataka kulijua kabla. Pale mama mkwe anapofunua kifuniko, watu watacheka? Mimi nilicheka siku nilipomtengeneza. Lakini nilikuwa peke yangu, na mtu akicheka peke yake hana hakika kama amecheka."

Kesho yake palikuwa na mkutano.

Ukumbi wa Jumuiya ni mkubwa na una hewa. Viti vyake vyote vimepigiliwa misumari sakafuni, vimeelekea jukwaani, na kati ya kiti na kiti pameachwa nafasi ambayo mtu akinyoosha mkono hamfikii jirani yake. Niliambiwa ni kwa ajili ya utulivu. Nilikaa jukwaani, mahali pabaya kuliko pote kwa mtu kama mimi, na kutoka pale niliona nyuso nyingi na kila uso ulikuwa unatazama kisogo. Kompyuta ya Wahida iliwekwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe, utepe mwekundu umefungwa mbele yake, na mkasi juu ya sinia.

Kwetu msemaji akisimama husema itifaki imezingatiwa, akaendelea. Ngojamgeni kila msemaji huizingatia mwenyewe, tangu mwanzo, kwa majina na vyeo vya wote waliokaa, akimaliza na wale ambao wangekaa kama wasingepata udhuru. Asubuhi yote ilikwenda hivyo. Baadaye ukaja mjadala, nami naueleza kama nilivyousikia, kwani sipendi kuwaongezea watu maneno.

Mjumbe mmoja alitaka ijulikane kama mwanachama wa Jumuiya ni lazima awe amewahi kutengeneza kazi burudishi.

"Hapana," alijibu Katibu, bibi mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Tukiweka sharti hilo atabaki Wahida peke yake. Na mtu mmoja si jumuiya."

"Sahihi," walisema wengi.

"Lakini basi tuwafundishe wengine watengeneze," alisema mjumbe.

"Mheshimiwa, hebu tazama mbele kidogo," alisema Katibu. "Wote wakikaa kutengeneza, nani atahudhuria mikutano?"

Walimpigia makofi mpaka miwani yake ikaruka. Mjumbe aliketi, ameridhika kabisa. Kisha ikajadiliwa kama Jumuiya iendelee kuitwa Jumuiya au iitwe Umoja, na ikaundwa kamati, na ikatokea kwamba kamati haiwezi kuundwa ila na kamati. Wahida alikaa mstari wa mbele, magoti pamoja, mikono miwili juu ya magoti. Kwenye mjadala ule wote hakuna aliyemuuliza mchezo wake unahusu nini.

Jua lilipoanza kushuka Bwana Hashil alinigeukia. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikawa nauona kwenye nguo. Nilikuwa nimepima usiku kucha na kuona kwamba kioo ni afadhali kuliko sumaku. Kilichofungiwa huenda siku moja kikafunguliwa. Nikasimama.

"Naam," nikasema.

Nililisema kwa sauti yangu, na sauti yangu haifiki mstari wa pili. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya Katibu, naye alikuwa ameshaanza kutoa neno la shukrani kwa mgeni rasmi kwa maneno ambayo mgeni rasmi hajayasema. Shukrani zilikwenda mpaka taa zikawashwa. Taa zikishawashwa, Naam haipokelewi: sheria yao inasema mgeni wa usiku huenda anakubali kwa usingizi tu.

"Kesho basi," alisema Katibu, akafunga mkutano.

Nilimwona Wahida akitazama taa. Sikuelewa kwa nini amekuwa mweupe midomo. Kesho ilikuwapo, nami sikuwa na safari nyingine.

Asubuhi sikuletewa chai. Begi langu, ambalo watu walikuwa wakigombea kulibeba, lilikuwa limewekwa nje ya mlango. Bwana Hashil alisimama barazani na jembe.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Siku ya tatu mpe jembe."

Kwetu maneno hayo ni ya kumtania shangazi aliyekaa mno. Nikaanza kutabasamu. Alinipa jembe mikononi, na lilikuwa jembe kweli, na mpini wake ulikuwa mzito. Hapakuwa na hotuba hata moja.

"Hongera," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Wewe sasa ni mwenzetu."

Nilikwenda jikoni kumsalimu Bi Sabiha, nikajimiminia chai mwenyewe, na kwa mazoea nikamwambia ni nzuri. Alinitazama kama aliyesemeshwa na mbuzi. "Ah, umeionja wewe tu," alisema, akaendelea kukuna nazi.

Nilirudi barazani mbio. "Bwana Hashil, na mchezo wa Wahida?"

"Kazi burudishi ya Wahida haikupata Naam ya mgeni. Itafutwa adhuhuri."

"Naam!" nikasema. "Naam! Naam! Naam!" Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nimepiga kelele. Kuku walikimbia. Bwana Hashil alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli.

"Mwenzetu," alisema, "neno hilo sasa ni hewa tu."

Nilizunguka baraza na jembe mkononi, nikirudi nilikotoka. Alinisubiri nitulie, maana hata kwa wenzao Wangojamgeni si watu wa kukimbiza mtu, kisha akanieleza yaliyobaki: jembe lazima nilitumie kabla ya adhuhuri, popote nitakapo, na mtu aliye kazini na jembe lake hazuiwi na yeyote. Hiyo nayo ni sheria.

"Popote?"

"Popote. Wengi huchagua pale nyuma ya kisima. Ardhi yake laini."

Sikwenda kisimani.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Wahida alikuwa ameketi sakafuni kando ya meza, mgongo kwenye mguu wa meza. Utepe bado ulikuwa umefungwa.

"Wamekupa," alisema alipoona jembe.

"Nilisema Naam jana. Hawakunisikia."

"Mimi nilisikia," alisema Wahida.

Niliingiza bapa la jembe chini ya mguu wa kiti cha mstari wa mbele, nikaukandamiza mpini kwa uzito wangu wote, ambao si mwingi. Msumari ulilia mlio ambao ulipita dirishani ukafika sokoni. Mlinzi alikuja mbio. Aliniona, akaliona jembe, akasimama mdomo wazi akitafuta sheria ya kunizuia, hakuipata, akakaa mlangoni kutazama. Niling'oa kiti cha kwanza. Wahida alisimama akashika mpini pamoja nami, tukang'oa cha pili. Tukaviburuta mpaka mezani, ubavu kwa ubavu, vimegusana, migongo yake mlangoni.

Wahida aliuangalia utepe. Mkasi ulikuwa pale juu ya sinia, lakini hakuugusa. Alifungua fundo kwa vidole. Lilikuwa fundo la kawaida tu.

"Shika nyuma," aliniambia.

Tuliinua sufuria. Kwenye kona ya kwanza, hata kabla ya kuku, likapinduka, pilau yote chini.

"Unakimbia!" alisema Wahida.

"Wewe ndiye umesimama!"

"Nilikuwa nakata kulia."

"Kulia kwako au kwangu?"

Tukainua tena. Likamwagika palepale. Kuku wakatoka pande zote za kioo cha kompyuta kuja kula, na mmoja akapanda ndani ya sufuria akaketi. Mtu alicheka nyuma yetu. Nikageuka: mlio wa misumari ulikuwa umewaleta watu, wamejaa mlangoni, na aliyecheka ni Mzee Kombo, amejifunika mdomo kwa aibu.

Wahida hakusikia. Alikuwa amekodolea macho ile pilau. "Halijawahi kumwagika," alisema. "Kwenye kona hiyo, hata siku moja." Akaitazama mikono yake, wa kushoto, kisha wa kulia. "Kona hii nimeipimia mikono yangu. Dada, nimetengeneza njia ya mtu mmoja."

Nilifikiri atalia, nikamwekea mkono begani. Badala yake alisimama, macho makavu, makali kidogo.

"Inuka. Nataka kuona wengine."

Hakuna aliyesogea. Walitazama huku na huku wakimtafuta mgeni. Kisha Bi Sabiha, ambaye alikuwa ameacha nazi yake akaja na mbuzi ya kukunia mkononi, akapita katikati ya watu, akaketi.

"Kombo," aliita.

"Mimi?"

"Kuna Kombo mwingine? Njoo ushike nyuma."

"Mbona nyuma?"

"Mimi nimeshika nyuma tangu unioe. Leo shika wewe."

Mlangoni watu walikohoa vicheko vyao, wakaanza kuingia na kujipanga kati ya viti. Mzee Kombo akaketi, akashika. Wakamwaga. Wakainua. "Polepole, baba." "Nakwenda polepole." "Huko ni kukimbia kwa polepole." Wakapita kona ya kwanza kwa kukwaruza ukuta, watu wakavuta pumzi pamoja. Kuku. Watoto. "Inama, kamba hiyo!" alipiga kelele mlinzi kutoka mlangoni, wakainama wote, na ukumbi mzima ukainama pamoja nao. Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, mama mkwe akatoka, akaja taratibu kama mtu asiye na haja ya kitu, akafunua kifuniko, akachungulia.

Sijui namna ya kukiandika kicheko kile. Kilianzia kwa Bi Sabiha, kikamtupa mgongoni mwa kiti, kikaenda mstari kwa mstari mpaka nje. "Mama yako huyo!" alimwambia mumewe, na Mzee Kombo akaacha sufuria akashika mbavu. Nilimtafuta Wahida. Alikuwa amekipa kioo mgongo. Hakuwa anautazama mchezo hata kidogo. Alikuwa anatazama nyuso, moja baada ya nyingine, midomo wazi, kama mtu anayehesabu ndugu waliorudi.

Hapo ndipo Bwana Hashil alipoingia, kanzu safi, sumaku ya serikali juu ya mto wa mahameli. Jua lilikuwa utosini.

"Kwa mujibu wa sheria..." alianza.

Hakuna aliyemgeukia. Mzee Kombo alikuwa ameinuka kwenda kufuta machozi ya kucheka, na Bi Sabiha alibaki na sufuria peke yake, upande wa nyuma unashuka, unashuka.

"Linaanguka!" alipiga kelele. "We Hashil, umesimama? Shika!"

Na Bwana Hashil akashika. Naamini hakukusudia. Ni mtu aliyelelewa asiruhusu sufuria kuanguka mbele za watu, na mwili wake ulitangulia akili yake. Mto wa mahameli uliangukia kiti cha Katibu. Yeye aliketi kwenye kiti cha Mzee Kombo, vidole juu ya vitufe, kanzu imejikunja magotini.

"Polepole, mama."

"Wewe ndiye polepole. Tumbo lako linafika kabla yako."

"Kulia!"

"Kwako au kwangu?"

"Kwetu! Kulia kwetu!"

Walifika ukumbi wa harusi na nusu ya pilau. Watu walishangilia kama ni harusi ya nyumbani. Bwana Hashil aliinua uso, jasho limemtoka, akaona kivuli cha mlango kimeshaanza kuingia ndani.

"Imepita," alisema. Alionekana kushtuka kuliko nilivyowahi kushtuka mimi katika nchi ile. "Sheria inasema adhuhuri. Haisemi baada ya adhuhuri."

Akanyanyuka, akatengeneza kanzu, akatazama ukumbi, mstari kwa mstari, akitafuta. Nilijua anamtafuta nani. Macho yake yalinifikia, yakasimama, kisha yakakumbuka jembe na kunipita. Hapakuwa na mgeni mle ndani.

"Sasa... ni nzuri?" aliuliza, hakumuuliza yeyote.

"Mimi nimecheka," alisema Bi Sabiha. "Mengine sijui."

Aliichukua sumaku yake. Alisema itabidi jambo hili lifikishwe kwenye mkutano ujao, na nadhani litafikishwa, na itifaki itazingatiwa. Lakini hakuondoka. Alisimama nyuma ya viti kama wengine, akimwelekeza mlinzi na mwenzake, akiwaambia wanakosea.

Alasiri ile jembe langu lilipita mikono mingi. Nilikuwa nasikia misumari ikilia kila upande wa ukumbi. Wahida alifungua matumbo ya mchezo wake palepale mezani, akaipanua kona ya kwanza, akanivutia kiti.

"Tujaribu tena, mimi na wewe."

Tulikwenda. Kona tukaipita bila kugusa ukuta, nikasikia akivuta pumzi. Tulikuwa tumefika kwenye kamba za nguo, nami nimesahau kabisa kwamba kuna watu wanaonitazama, pale mtu aliponigonga bega. Alikuwa mama yake Shaame, amemshika mtoto mkono.

"Mwenzetu," alisema, kwa sauti ya kawaida, ile ya sokoni, "inuka basi. Zamu yetu."

Nikainuka.